Kijiji Kisicho na Mgonjwa

Kila asubuhi, kabla majogoo hayajamaliza kuwika, Sikuzani alikuwa ameshafagia uwanja, ameteka maji na kuosha vyombo vya jana. Kisha alivaa sare ya shule, akaegesha jembe lake mlangoni, maana siku zile hakuna mwanafunzi aliyekwenda shuleni bila jembe, akaingia chumba cha nyuma kumwamsha mdogo wake Isihaka. Kazi hiyo ya mwisho ilikuwa ndogo kuliko zote, na ndiyo pekee ambayo hakuruhusiwa kumsimulia mtu. Alimtazama machoni, akamuuliza kama kichwa kinamuuma. Jibu likiwa halieleweki, alimwambia mama asimwache mtoto karibu na jiko wala kisima.

Isihaka alikuwa na kifafa. Kilimwanza baada ya homa kali alipokuwa mdogo, na sasa umri wa kuanza shule ulikuwa umefika na kupita. Watoto wenzake walikwisha jua kuandika majina yao, yeye angali anahesabu kuku uwanjani. Walioulizia waliambiwa ana pumu. Aliyeitunga pumu hiyo ni baba yao, Mzee Mbaraka, balozi wa nyumba kumi na mtu wa Chama, msuluhishi wa magomvi ya mipaka na ya mume na mke. Binti yake mkubwa, Mboni, alikuwa amechumbiwa na watu wa Kisarawe, na siku posa ilipopokewa mzee aliwakalisha wanawe akawaonya.

"Ukoo wenye kifafa hauposwi," alisema. "Atakayefungua mdomo amemvunjia dada yake nyumba."

Sikuzani alikuwa na miaka kumi na mitatu na alipenda sana kusema. Walimu walimwita redio. Lakini kwa jambo hilo redio ilizimwa, na mambo yakaenda hivyo mpaka alipokuja Shangazi Mwamini.

Shangazi Mwamini alikuwa dada mdogo wa Mzee Mbaraka. Alikuwa daktari hospitalini Kibaha, akikaa Maili Moja, na kijijini hapo karibu na Mlandizi alionekana kwa nadra. Safari hii alituma habari mapema kwamba yuko njiani akitokea vijiji vya Kisarawe. Habari hizo zilipofika, Mzee Mbaraka hakupoteza wakati. Alimwambia mkewe amchukue Isihaka wakakae kwenye dungu la shambani, walinde mpunga usiliwe na ndege, mpaka mgeni aondoke.

Mgeni alifika siku ya Alhamisi asubuhi, viatu vimejaa vumbi na uso umemshuka.

"Shikamoo, shangazi," Sikuzani alimpokea mkoba.

"Marahaba, mwanangu. Mama yuko wapi? Na Isihaka?"

Baba alidakia kabla ya mtoto kujibu. "Mama yao yuko shambani, ndege wanatumaliza. Isihaka nimempeleka Kwala kwa bibi yake. Hewa ya huku haipatani na kifua chake."

Shangazi hakuwa na sababu ya kutomwamini kaka yake. Aliketi, akanywa maji, akaeleza shida yake. Alikuwa anaomba nafasi ya kusoma ng'ambo shahada ya juu kuliko zote, kuhusu ubongo wa binadamu, na hasa kifafa. Kulikuwa na wafadhili wa kulipia masomo yote, lakini waombaji walikuwa wengi na nafasi ilikuwa moja. Wenye chuo walimwandikia kwamba wazo lake wamelipenda, ila awaoneshe familia zenye wagonjwa zilizokubali kushirikiana naye. Bila familia hizo nafasi ingekwenda kwa mwingine. Maombi yalipaswa kuondoka Dar es Salaam Jumamosi.

"Kisarawe nimezunguka wiki nzima," alisema. "Kila nyumba ni hakuna. Lakini kule nilipelekwa na watu nisiowajua. Hapa balozi ni kaka yangu mwenyewe. Nipitishe, kaka, nakuomba."

Desturi ya siku zile, mgeni mwenye shughuli hakuingia nyumba za watu bila kupelekwa na balozi. Mzee Mbaraka alivaa kanzu na kofia, akatangulia. Shangazi alifuata, na Sikuzani, ambaye siku hiyo hakwenda shule, akabeba mkoba. Walipiga hodi nyumba baada ya nyumba. Wenyeji waliwakaribisha kwa bashasha, wakatandika mikeka, wakasikiliza. Kisha kila mmoja, kabla ya kujibu, alimtazama kwanza balozi.

"Hapa hakuna, daktari. Labda nyumba ya pili."

Nyumba ya pili nayo ikawaelekeza ya tatu. Kijiji kizima kilikuwa na afya ambayo hata mbinguni haijulikani kama ipo.

Kwa Mzee Mwinyimadi walimkuta mjukuu wake Tatu akipeta mchele. Kovu pana la moto lilimtoka shingoni hadi begani. Shangazi aliinama kumtazama.

"Huyu aliungua na nini?"

"Aliangukia chungu cha uji," alijibu Mzee Mwinyimadi.

"Aliangukaje?"

Mzee Mwinyimadi alimtazama balozi, naye balozi akatazama paa. "Kama watoto wanavyoanguka," alijibu mzee taratibu.

Jioni Shangazi alikaa uani karibu na Sikuzani aliyekuwa akimenya mihogo. Hakuwa akilia, lakini sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekwisha lia.

"Unajua ubongo unafanya kazi gani, Sikuzani?"

"Kufikiri, shangazi."

"Na kutembea, na kucheka, na hata kumenya huo muhogo. Amri zote zinatoka humo. Mwenye kifafa, ubongo wake hutoa amri nyingi kwa mpigo, mwili ukashindwa kuzifuata, akaanguka. Hakuna shetani wala laana. Wengi wangepata nafuu kwa vidonge vinavyokaa kabatini kwetu Kibaha, lakini hawaji. Wanafichwa ndani mpaka waungue au wazame mtoni. Nataka kujua kwa nini huku kwetu ni wengi hivi. Sasa wenye chuo wataniona mwongo. Natoka kwenye wagonjwa tele, na sina hata mmoja wa kumwonesha."

Kisha alimgeukia. "Shuleni kwenu hakuna mtoto anayeanguka? Hata mmoja?"

Sikuzani aliinamia mihogo yake. Alimpenda mdogo wake, alimpenda dada yake, na alimpenda mwanamke huyu aliyekaa mbele yake amekata tamaa. Hakuona njia ya kuwaokoa wote watatu.

"Hakuna, shangazi."

"Basi. Kesho narudi Kibaha. Nitawaandikia wampe mwingine. Nimechoka kuomba."

Asubuhi Mzee Mbaraka alimsindikiza dada yake mpaka njia panda, akaendelea na safari yake ya ofisi ya Chama. Sikuzani alitumwa kupeleka chumvi na unga shambani kabla ya kwenda shule. Njia nzima alikuwa akijichukia. Alipolikaribia dungu, alimwona Isihaka amechutama peke yake akichoma muhogo kwenye moto mdogo, mama akiwa ameshuka mtoni kuteka maji. Hata hajamwita, aliona kichwa cha mdogo wake kimepinda upande. Mtoto alitoa sauti nzito isiyo yake, akaanguka, na mkono wake wa kulia ukaingia motoni.

Katika shamba la jirani alikuwepo Bi Mwanajuma, mama mtu mzima mwenye huruma, ambaye hajawahi kumnyima mtoto chakula. Alikuja mbio, kisha akasimama ghafla.

"Usimguse," alisema huku akirudi nyuma. "Mapovu hayo. Yakikugusa na wewe unacho."

Sikuzani naye aliogopa. Nyumbani hawakuwahi kumgusa Isihaka akiwa amezidiwa. Walikaa mbali, wakasubiri mapovu yakauke. Hivyo ndivyo walivyofundishwa, na waliowafundisha nao walifundishwa hivyo. Lakini jana jioni alikuwa ameambiwa kwamba ni ubongo tu umetoa amri nyingi, na sasa alisikia harufu ya ngozi ya mdogo wake ikiungua. Alipiga magoti, akamkumbatia kiunoni, akamvuta. Mapovu yalimlowesha mikono na sare. Hakuyafuta, alimshikilia tu mpaka mtikisiko ulipopungua.

Mama alifika, akatupa kata ya kichwani, akammwagia mtoto maji mkononi huku analia. Malengelenge yalikuwa yameanza kuinuka kutoka vidoleni hadi kiwikoni.

"Baba yako akirudi," mama alisema, "tutawaambia watu kamwagikiwa na uji."

Sikuzani aliinua kichwa. Uji. Alimkumbuka Tatu na kovu lake, na babu yake akitafuta maneno. Ni nyumba ngapi zilikuwa na uji wa namna hiyo? Alisimama.

"Endelea kummwagia maji, mama. Mimi naenda Mlandizi kumwahi shangazi."

"Sikuzani. Baba yako atakuua."

"Basi na aniue, lakini mkono wa Isihaka uwe umetibiwa."

Alikimbia. Jua lilikuwa limeshapanda, miba ilimchoma, na moyo ulikuwa ukimwambia kwamba basi limeshaondoka. Mabasi ya kwenda Kibaha yalikuwa machache siku zile, na hiyo ndiyo ilikuwa bahati yake. Alipofika stendi, basi lilikuwa linanguruma na Shangazi Mwamini amekwisha weka mguu mmoja ngazini.

"Shangazi, nilikudanganya," alisema, pumzi zikimkatika. "Isihaka hayuko Kwala. Hana pumu, anaanguka. Leo ameangukia moto. Na Tatu nadhani hakuangukia uji."

Abiria waligeuka kutazama. Kwa Sikuzani ilikuwa kama amevuliwa nguo sokoni, lakini hakuinamisha macho. Shangazi aliutoa mguu ngazini.

"Twende," alisema. Utingo alipomwita hakumjibu.

Walimkuta Isihaka amelala dunguni, amechoka, anauliza kwa nini mkono unamuuma. Shangazi alimlaza kwa ubavu, akausafisha mkono, akaufunga kwa kitambaa safi alichokuwa nacho mkobani. Alikuwa bado amepiga magoti pale Mzee Mbaraka alipotokea na Mboni, wote wakihema. Habari za stendi zilikuwa zimemfikia kabla hajakaa ofisini.

"Nani amesema?" aliuliza.

"Mimi, baba."

Mzee aliinua mkono.

"Kaka," Shangazi alimwambia bila kupaza sauti, "mtoto unayetaka kumpiga ndiye aliyemtoa mwenzake motoni. Mtu mzima aliyekuwepo alisimama tu."

Mkono ulibaki hewani. Mboni alipita katikati yao, akaenda kukaa kando ya Isihaka. Macho yake yalikuwa yamejaa machozi.

"Baba, naipenda posa yangu," alisema. "Lakini kama itasimama kwa kumchoma mdogo wangu, ivunjike."

Mzee Mbaraka alikaa chini pale pale kwenye tope, na kanzu yake nyeupe. Alimtazama mtoto wake aliyefungwa mkono, na kwa mara ya kwanza Sikuzani akamwona baba yake akilia.

Mchana, baada ya sala ya Ijumaa, wanaume walipokuwa wakivaa makubazi yao nje ya msikiti, Mzee Mbaraka aliwaomba wasiondoke.

"Jana nilipita kwenu na dada yangu mkasema hakuna mgonjwa," alianza. "Sikuja kuwalaumu. Mimi ndiye niliyesema hakuna kabla yenu wote. Nyumbani kwangu kuna kifafa. Mwanangu Isihaka hana pumu, na leo ameungua kwa sababu yangu."

Mzee Mwinyimadi alikohoa kidogo.

"Pumu haimwangushi mtu kisimani, Mbaraka. Tulijua zamani. Lakini balozi akificha chake, nani atamwonesha chake? Jana ulikuja na ubalozi wako, tukakujibu kiserikali. Leo umekuja kama mzazi." Alishusha pumzi. "Mwite daktari. Tatu hakuangukia uji."

Kabla ya magharibi uwanja wa balozi ulijaa. Wengine walipita njia ya mbele, wengine walizunguka nyuma ya migomba na watoto wao migongoni. Shangazi aliwaeleza kwamba mapovu hayaambukizi, kwamba mtu akianguka aondolewe penye hatari na alazwe ubavu, asitiwe kitu mdomoni. Walikubali kushirikiana naye, wakatia dole gumba mmoja mmoja, na alfajiri ya Jumamosi maombi yakaelekea Dar es Salaam.

Lakini kweli hiyo ilikuwa na gharama. Haikupita muda, mshenga alikuja kutoka Kisarawe, akala, akanywa, akasema watu wake wamebadili nia. Mboni aliomboleza, na Sikuzani alilia pamoja naye, maana alijua ni mdomo wake. Mboni hakumlaumu hata mara moja, na hilo lilimuuma zaidi.

Masika yalipokwisha, jibu kutoka ng'ambo lilifika: Daktari Mwamini amepata nafasi, na masomo yake yote yatalipiwa. Wakati huo Isihaka alikuwa anameza vidonge vyake kila siku bila kukosa. Alikuwa ameanza darasa la kwanza, mrefu kuliko wenzake wote, na hakuwa ameanguka kwa miezi kadhaa.

Siku ya kumuaga Shangazi ilisomwa dua, ukapikwa wali. Mzee mmoja aliuliza kwa nini daktari anakwenda tena kusomea udaktari, au ule wa kwanza umekwisha nguvu, na watu wakacheka. Kisha Mzee Mbaraka alisimama, akawaita Sikuzani na Isihaka wakae mbele yake.

"Nilidhani nalinda jina la nyumba yangu," alisema. "Jina halikuungua, aliungua mtoto. Ugonjwa wa Isihaka ulikuwa na dawa siku zote, hapo Kibaha tu, kwa dada yangu wa tumbo moja. Uongo wangu ndio uliokuwa hauna dawa, mpaka binti huyu alipokimbia hadi Mlandizi kwenda kusema kweli. Enyi watoto, mkubwa akikutuma uongo, mheshimu mkubwa, lakini uongo wake usiubebe."