Fundi Friji na Chumvi ya Mume Wangu

"Alhamisi saa tatu usikose. Na zile za asubuhi usitumie mpaka tuonane."

Meseji hiyo niliisoma kwenye simu ya mume wangu, nimesimama jikoni na mwiko mkononi. Aliyetuma ameandikwa "Fundi Friji".

Jamani... friji letu halijawahi kuharibika hata siku moja!

Nikapiga ile namba kwa simu hiyohiyo.

"Haloo, mpendwa!" Sauti ya mwanamke! "Mbona wiki iliyopita hukuja? Nilikusubiri mpaka saa sita."

Nikakata. Nikakaa palepale kwenye sakafu ya jikoni.

Ngoja niwaambie mimi ni nani, msije mkaniona mwanamke wa kukurupuka. Mimi ni mpishi. Napikia kantini ya kiwanda, watu mia mbili na kumi kila mchana. Mume wangu anaandika mabango ya maduka kwa brashi, kwa mkono wake. Kazi hiyo siku hizi wengi wamewaachia watu wa kompyuta, lakini herufi zake zimenyooka kiasi kwamba wateja humfuata mpaka nyumbani. Tuna miaka minane ya ndoa.

Sasa siku kumi kabla ya meseji ile, mkono wake ulianza kutetemeka.

Bango la kinyozi alilirudia mara tatu. Herufi zililegea, nyingine zikapandana. Akirudi nyumbani anapepesuka, ulimi mzito, kila mara anakimbilia choo. Siku moja aliniita kwa jina la dada yake. Nilipomsahihisha, akaanza kulia.

"Umelewa?"

"Sijagusa kitu, mke wangu. Nimechoka tu..."

"Uchovu gani huo wa kupepesuka?"

Basi mimi nikajumlisha mwenyewe. Pombe, halafu mwanamke. Nikasema leo ndiyo leo!

Lakini kuna jambo sijawaambia. Na mimi nilikuwa na siri yangu.

Wiki tatu nyuma, muuguzi alikuja kazini kutupima presha. Yangu ilikuwa juu. Akaniambia, "Dada, punguza chumvi." Mimi na kichwa changu kigumu, sikupunguza. Niliiondoa kabisa! Na kwa kuwa nyumbani tunapika sufuria moja, mume wangu naye akaachishwa bila habari. Limau, tangawizi, kitunguu saumu na pilipili manga vilifanya kazi yote. Baba wa watu alikula akalamba vidole, nami nikajisifu moyoni kwamba mpishi ni mimi, wengine wanachemsha.

Tena niwe mkweli, kisirani nacho kilikuwemo. Mama mkwe wangu kila akija kwangu lazima aonje mchuzi kwanza.

"Mwanangu apikiwe chumvi kama kawaida. Usije ukajifanya mjuaji ukampunguzia."

Miaka minane wimbo huohuo! Mbele ya wageni! Kwa mpishi! Siku nilipoitupa ile chumvi, nilisikia raha ambayo leo naionea aibu.

Turudi jikoni, siku hiyo ya mapumziko yangu kazini. Saa saba mchana mume wangu akaingia. Hata hakuwa anakumbuka kwamba simu aliiacha nyumbani.

"Fundi Friji ni nani?"

Akanitazama, macho hayatulii.

"Fri... friji..."

"Usinifanye mjinga! Nimempigia, nimemsikia! Ni nani?"

Alifungua mdomo, maneno yakagoma. Mikono yote miwili ikaanza kurukaruka. Akajaribu kushika fremu ya mlango, akaikosa... akaanguka chini puu!

Niliipiga namba ile tena, safari hii kwa kelele.

"Wewe mwanamke! Njoo umchukue mume wako, ameanguka huku!"

"Dada, tulia. Mimi ni daktari wake. Anatetemeka?"

"Da... daktari?"

"Nijibu. Anatetemeka? Anaharisha? Anaongea kama mlevi?"

"Ndiyo... ndiyo, yote..."

"Kuna kilichobadilika karibuni? Dawa nyingine? Chakula? Amepunguza chumvi?"

Nikaitazama sufuria yangu ya mchuzi.

"Dada, upo? Mlete hospitali sasa hivi. Na asimeze kidonge kingine chochote!"

Jirani yetu mwenye gari alitukimbiza. Wauguzi wakampokea mlangoni, wakamtoa damu, wakamtundikia dripu. Daktari mwenyewe akaja, mama mfupi, miwani ameipandisha kichwani. Akanikalisha kwenye benchi.

"Mumeo ana ugonjwa wa akili. Hisia zake hupanda kupita kiasi, kisha hushuka kupita kiasi. Dawa yake inaitwa lithiamu. Ameitumia miaka kumi na moja na imemshika vizuri."

"Miaka kumi na moja..."

"Ila dawa hii na chumvi hupita njia moja kwenye figo. Ukiondoa chumvi ghafla, figo huanza kung'ang'ania iliyobaki, na katika kung'ang'ania zinarudisha na dawa. Inajaa kwenye damu mpaka inakuwa sumu. Ndiyo maana tunawapima mara kwa mara, asubuhi kabla hawajameza dawa. Wiki iliyopita hakuja."

"Kwa hiyo aliyemtilia sumu ni mimi."

"Hukujua, dada."

"Ndiyo! Miaka minane sikujua!"

Nililia, wapendwa, na kilichoniliza ilikuwa hasira. Mtu namjua mpaka anavyokoroma, kumbe sijui anachomeza kila siku!

Hapo hapo mama mkwe, niliyempigia njiani nikakiri habari ya chumvi, akaingia mbio, wifi yangu nyuma yake.

"Umemuua mwanangu! Sikukwambia chumvi? Sikukwambia?"

"Uliniambia chumvi, mama! Hukuniambia kwa nini!"

Wifi yangu akainamisha kichwa, nikaelewa kwamba naye anajua. Shemeji anajua. Familia nzima inajua, wote waliocheza kwenye harusi yangu. Mjinga alikuwa mmoja tu, na alikuwa amevaa shela.

Siku ya nne akili yake ilirudi. Nilikwenda wodini maneno yangu nimeshayapanga, na begi langu nyumbani nimeshalifunga. Nilikuwa naondoka.

"Kwa nini ulinificha?"

Akashangaa. Na nilimjua vya kutosha kuona kwamba haigizi.

"Nikufiche nini?"

"Ugonjwa wako!"

"Mke wangu... si unajua? Ulijua tangu kabla ya ndoa."

"Nani alisema?"

"Mama. Mimi niliogopa kukuambia mwenyewe, nikamtuma yeye. Akarudi akasema, 'Nimemweleza, amekubali. Ila ameomba msiliongelee kabisa, linamtia huzuni.'" Akavuta shuka kifuani. "Ndiyo maana dawa naziweka kwenye sanduku la brashi. Ndiyo maana daktari nimemwandika Fundi Friji. Sikutaka kukukera. Kila siku nilikuwa najiambia, huyu mwanamke anajua nilivyo, na bado yupo..."

Miaka minane mume wangu alikuwa akinishukuru kimoyomoyo kwa jibu ambalo sikuwahi kulitoa!

Nikageuka. Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni na chupa ya uji.

"Mama, uliniambia lini?"

Akaanza kuifuta chupa kwa ncha ya kanga.

"Mama!" Mume wangu alijiinua kitandani. "Ulimwambia au hukumwambia?"

"Ningemwambia angekubali?" Alikuwa anamwangalia mwanawe, si mimi. "Wachumba wawili walishakukimbia kabla yake. Ulikaa chumbani miezi, hujitazami hata kwenye kioo. Ulitaka umpoteze na wa tatu?"

"Sijui kama ningekubali," nikasema. "Labda ningekimbia kama wenzangu. Lakini jibu lilikuwa langu, mama. Ulinijibia."

Aliweka uji juu ya kabati, akatoka. Kuomba radhi hakuomba.

Mume wangu alikuwa analia bila kujificha. Akanishika mkono.

"Basi nikuulize leo, mimi mwenyewe. Ninaumwa ugonjwa wa akili. Nitameza dawa labda maisha yangu yote. Utakubali kuishi na mimi?"

"Nipe siku tatu."

Msinione katili. Nilizihitaji. Nilirudi nyumbani nikakaa jikoni, nikamchukia yule mama mpaka nikachoka. Nilipochoka ndipo nilipokumbuka kwamba hata mimi nilimwamulia mtu mzima chakula chake, nikamtazama akila, nikafurahi kwamba hajagundua.

Siku ya pili nikarudi wodini. Ya tatu niliiona ndefu mno.

"Nimekubali," nikamwambia. "Lakini uelewe, aliyekubali ni mimi huyu. Yule mwingine alitungwa na mama yako."

Sasa tunapika sufuria mbili. Yangu chumvi kidogo sana, kwa sababu ya presha. Yake chumvi ya kawaida, ileile kila siku, na damu anakwenda kupima. Mkono umetulia, bango la kinyozi limemalizika.

Kama unatumia dawa, mwambie anayekupikia kwa mdomo wako. Usitume mtu! Nawe unayepika, chumvi ni ya kupunguza, wengi wetu tunaizidisha, ila usimbadilishie mtu chakula kimyakimya. Muulize kwanza, na kama ana dawa zake, muulizeni daktari.

Mama mkwe bado ananitumia meseji kila jioni. "Mwanangu amekula nini leo?"

Na kila jioni namjibu maneno mawili.

"Muulize mwenyewe."