Kitambulisho cha Herieth

Wiki tatu kabla ya mitihani, maktaba ya chuo kikuu pale Kasulu hugeuka soko. Mabegi yanarundikana mlangoni, viti vimekaliwa tangu saa moja asubuhi, na kaunta inazingirwa na wanaogombea vitabu vya akiba, vile vinavyosomwa humo humo ndani, na mwanafunzi huacha kitambulisho mpaka arudishe kitabu. Hapo ndipo Herieth alipofika na gauni lake la kitenge cha njano, pindo limeingia matope mekundu. Akapekua mkoba wote, kitambulisho hakuna. Akavua kanga mabegani, akaiweka juu ya kaunta.

"Kaka, shika hii. Nikirudisha kitabu unanipa kanga yangu."

Ildefonce, mhudumu wa maktaba, kijana mrefu wa Murungu mwenye sweta la mtumba lililochoka viwiko, aliitazama kanga, kisha akamtazama mwenye kanga.

"Dada, kanga haina picha. Nitakujuaje?"

"Basi niangalie vizuri unikariri."

Foleni nzima ikacheka. Ildefonce akamkariri, na maskini, hakumsahau tena.

Mapenzi yao yalikulia kati ya rafu. Ildefonce alimfundisha kutafuta makala kwenye kompyuta, akamshikia kiti cha dirishani. Herieth naye alimletea mahindi ya kuchemsha, wakayala nje kwenye ngazi kwa sababu ndani kula ni marufuku. Asubuhi simu haikukosa, na Herieth alianza kwa salamu ya Kiha.

"Mwakeye, mkutubi wangu."

"Mimi mhudumu tu. Mkutubi ni Mama Mwajabu."

"Kwangu mimi ni wewe. Umekula?"

"Nimeshiba sauti yako."

"Ee! Muha gani anashiba sauti? Kula ugali."

Ildefonce alicheka, halafu akasema neno lililokuwa moyoni mwake siku nyingi. "Wakinipa ajira ya kudumu Agosti, Septemba mshenga yuko Rungwe Mpya kwa baba yako."

"Mwambie avae viatu vya maana. Baba huanza kuangalia viatu."

Ajira hiyo ilikuwa kila kitu kwake. Miaka minne alikuwa wa mkataba, na mtu wa mkataba haposi mtoto wa watu.

Jioni moja, maktaba ikikaribia kufungwa, Herieth alimng'ang'ania mkono. Utafiti wake ulikuwa umekwama, na kitabu alichokihitaji kilikuwa nakala moja tu chuo kizima, tena cha akiba.

"Nipe nikalale nacho. Kesho saa mbili kipo."

"Ukikamatwa, mtihani hufanyi. Na mimi mkataba umeishia hapo."

"Nani atajua, Ilde? Nipe, mpenzi."

Kipendacho moyo ni dawa, walisema wahenga, ila kipimo hawakukitaja. Ildefonce alimpa. Kitambulisho cha Herieth, ambacho safari hii alikuja nacho, Ildefonce hakukiweka kwenye kisanduku cha kaunta, alikitia mfukoni mwa shati.

Usiku ule Nasma, aliyelala chumba kimoja na Herieth, alikiomba kile kitabu "saa moja tu". Alfajiri Nasma akapigiwa simu kwamba mama yake ni mgonjwa, akakomba kila kilichokuwa mezani, akapanda gari la Kibondo. Na asubuhi hiyo hiyo Mama Mwajabu, mama wa Tanga asiyepayuka wala kusahau, alitangaza uhakiki wa vitabu bila taarifa.

"Herieth, kitabu kiko wapi?" Ildefonce alinong'ona kwenye simu.

"Kimekwenda Kibondo na Nasma, na simu yake haipatikani. Nakifuata sasa hivi. Ilde, naogopa. Nimwambie Mama Mwajabu?"

Ildefonce alitaka kusema, rudi tusimame wote wawili. Ujogoo ukamshika.

"Usiseme kitu. Nitasema nimekipoteza mimi."

"Kweli?"

"Kweli. Ndagukunda, nakupenda, usilie."

Hapo ndipo alipojidanganya. Alimwambia asiseme, huku moyoni akiomba amsikie akisema, "Siwezi kukuacha peke yako." Herieth alishusha pumzi, akasema, "Asante, mpenzi wangu," akakata simu. Alipewa neno akalichukua lilivyo, na nani angemlaumu? Mimi simlaumu, ila roho inaniuma.

Mama Mwajabu alimketisha Ildefonce ofisini.

"Mwanangu, miaka minne hujapoteza hata karatasi. Nani kakichukua?"

"Nimekipoteza mimi, mama."

"Nitazame usoni." Hakumtazama. "Barua ya kukupendekeza upewe ajira iko hapa mezani. Wataka nitie sahihi vipi?"

Barua haikusainiwa, na mkataba wake ukaachwa uishe Ijumaa.

Herieth alimkuta Nasma Kibondo, dukani kwao nyuma ya soko, akakichukua kitabu. Gari la kurudi alilipata siku ya pili. Ijumaa saa sita Ildefonce alikuwa amekaa kwenye meza ya magazeti, vitu vyake vimo kwenye mfuko wa nailoni, alipoliona gauni la njano mlangoni. Moyo ukamruka. Mama Mwajabu mwenyewe alikuwa kaunta, na kutoka mlangoni mpaka kwake ni hatua sita. Kulia mwa mlango kulikuwa na sanduku la kurudishia vitabu, lisiloandika jina la mtu.

Herieth alitazama kaunta. Akatazama sanduku. Aliwaza mtihani, akawaza shamba la maharage ambalo baba yake aliliuza ili yeye asome. Kitabu kikaanguka sandukuni kwa kishindo, naye akageuka akatoka bila kumwona aliyekuwa kwenye magazeti.

Baada ya dakika kumi simu ya Ildefonce iliita.

"Mpenzi, kimerudi! Nimekitia kwenye sanduku, hakuna aliyeniona."

"Mimi nimekuona."

"Si ulisema nisiseme kitu?"

"Nilisema."

"Sasa kosa langu liko wapi, Ilde?"

"Hakuna kosa. Mimi ndiye niliyesubiri kitu ambacho sikukuomba."

Herieth alilia. Alisema mtihani ukiisha atamfuata Murungu, wataanza upya hata kwa jembe. Kisha, sauti imekauka, akauliza, "Na kitambulisho changu? Bila hicho siingii chumba cha mtihani."

Ildefonce alikitoa mfukoni, akaitazama ile picha. "Nakiacha kwa mlinzi wa mabegi. Murungu usije, Herieth."

Herieth alifaulu, tena vizuri. Siku ya kuaga chuo alipeleka maktaba fomu yake ya kuthibitisha kwamba hadaiwi kitu, na Mama Mwajabu akaisoma taratibu, miwani puani.

"Kile kitabu kilirudi chenyewe, wajua? Siku ile ile kijana wangu alipoondoka."

Herieth aliinamisha uso.

"Haya, nijibu kama fomu inavyouliza. Kuna kitu chochote cha maktaba ulichokichukua hujakirudisha?"

Nyuma yake foleni ilikuwa ndefu.

"Hakuna, mama."

Mama Mwajabu alimtazama, akagonga muhuri, akaita anayefuata.