Kiini Chekundu

Kichachushi kilikuwa pipa la chuma refu kama jengo la ghorofa tatu, na kwa vihisio vyake kilijionja chenyewe usiku na mchana. Ndani yake chachu ilikula molasi ya miwa na kutoa rangi, ile ile inayokoleza karoti na papai. Rangi hiyo ilichanganywa kwenye chakula cha kuku waliofungiwa vizimbani. Viini vyao vilivyopauka vikageuka njano iliyokolea, na Mbeya nzima ikaamini inakula mayai ya kienyeji.

Injinia Sekela ndiye aliyekiendesha. Asukile, mkurugenzi wa kampuni hiyo ya mayai, alimwajiri bila kuuliza mama yake ni nani. Mama yake alikuwa mfugaji wa kuku wa Uyole, na wakaanga chipsi wa mjini hawakutaka mayai mengine ila yake. Ili kumwondoa sokoni, Asukile alimtuma bwana afya wa chuma, roboti ya kukagua mifugo, ikatangaza kuku wake wana ugonjwa wa kideri. Walichomwa moto wote, na hawakuwa hata na mafua. Mama akabaki kufagia banda tupu kila asubuhi.

Chachu hutengeneza rangi kwa hatua: njano, kisha chungwa, mwisho nyekundu. Kufuli la jeni liliizuia isifike mwisho. Sekela akalifungua, akangoja kuku walishwe, watage, mayai yasambae.

Wakaanga chipsi walipogonga mayai, viini vilitoka vyekundu kama damu. Wateja walitema. Trei zikavurumishwa kwenye geti la kampuni.

Asukile alimwita Sekela ofisini. "Ina madhara?"

"Haina. Kula mbele ya kamera watu waone."

Alijaribu. Alimeza tonge moja, la pili likamrudi, akatapika juu ya tai yake, mji mzima unatazama.

Kamera zilipozimwa akauliza, "Sekela, nimekukosea nini?"

"Mfugaji wa Uyole unamkumbuka? Ni mama yangu."

Asukile akafuta tai yake. Kisha akasema, "Wale kuku walikuwa wagonjwa."

"Walikuwa wazima, Mkurugenzi. Kama mayai yako."

Kampuni ilifungwa. Sekela akamnunulia mama yake mitetea na jogoo, akiwa na hakika wateja watarudi. Mama alibeba trei ya kwanza hadi kwa Tusa, mkaanga chipsi aliyenunua kwake miaka mingi. Tusa akapasua yai moja. Kiini kilikuwa cha njano, safi. Akarudi nyuma.

"Mama Sekela, shikamoo yangu pokea, ila mayai sipokei. Hii njano kaitia nani?"

"Kuku."

"Hata wale wa kampuni walisema kuku."

Kila kibanda jibu lilikuwa hilo hilo. Mji ulikuwa umeacha kula mayai.

Mama alirudi na trei yake, akaiweka mezani mbele ya Sekela. Alijua ile nyekundu ilikuwa kazi ya nani. Sekela alisubiri kugombezwa.

"Na Asukile hauzi?" mama akauliza.

"Hauzi hata moja."

Mama akabandika kikaango motoni.

"Basi lete chumvi."