Waliopanda Darajani Kutazama

"Mama, usiogope. Hiyo si treni ya kweli."

Aliyesema hivyo ni mwanangu wa kumzaa, Kendra, amesimama katikati ya daraja la reli, korongo liko chini yake, na honi inalia nyuma ya kilima...

Na alikuwa anatabasamu!

Nikamdaka mkono. Mchumba wake, Brody, akanifokea huku simu yake inarekodi.

"Mama mkwe, mwachie! Unatuharibia video!"

Jamani, mimi nimeishia darasa la sita. Kazi yangu ni kukata kuku kiwandani. Lakini nilihisi chuma kinatetemeka chini ya soli zangu, na mimi na chuma hatuna utani.

Nikamburuta Kendra kama gunia la viazi mpaka kwenye nyasi. Kiatu chake kimoja kikabaki relini.

Ule mlio ukatufikia. Magurudumu. Breki. Halafu watu wakipiga mayowe... Upepo wa moto ukatupiga usoni.

Kisha kimya.

Hakuna treni iliyopita!

Ngoja niwarudishe nyuma kidogo mnielewe.

Hapa kwetu milimani kila mtoto anaijua ajali ya 1888. Ilikuwa Jumapili ya mwezi wa nane. Treni imejaa watu wa kanisa la kule bondeni, wanakwenda pikiniki, ikatumbukia korongoni. Kila mwaka Jumapili hiyo watu hujazana chini ya daraja, eti wasikie mizimu ya abiria.

Kendra yuko chuo. Akachagua kuitafiti ajali hiyo kwa kazi yake ya mwisho. Mwanzoni nilijivunia. Baadaye nikaanza kuogopa.

Tuko mezani, nakata mkate wa mahindi, yeye anasema:

"Ardelia naye alipenda kipande cha pembeni."

"Ardelia yupi?"

"Yule aliyekufa darajani, mama."

"Nani kakuambia alichokuwa anakula?"

Akaendelea kutafuna.

Mwanamke aliyekufa kabla bibi yangu hajazaliwa!

Mwezi wa tano tukaenda kusafisha makaburi, kama ukoo mzima unavyofanya kila mwaka. Wengine wanapalilia, wengine wanapanga vyakula. Kendra alikuwa anasugua mawe kwa brashi. Ghafla akaniita.

"Mama, hebu njoo. Haya yote ni ya tarehe ya ajali. Soma majina."

"Stiltner... Mullins... Ratliff... Mbona ni sisi hawa?"

"Ndiyo nakuuliza! Abiria walikuwa wa bondeni. Kwa nini waliozikwa ni wetu?"

Hakulala vizuri tena. Akafunga safari mpaka kanisa la bondeni. Makaburi ya siku ile yapo, lakini ya kuhesabu kwa vidole. Bibi mmoja wa kule akamshangaa.

"Binti, kwenu hamjui? Abiria wengi walitoka hai. Watu wenu ndio waliokimbilia juu ya daraja kutazama mabehewa yalivyolala. Ikaja treni nyingine kutoka nyuma. Ikawasomba."

Sasa mmeelewa? Waliokufa wengi walikuwa watazamaji!

Kendra akampelekea Brody habari ile mbio mbio. Brody ana ukurasa wa mambo ya mizimu, wafuasi kibao. Nilikuwa jikoni, nikasikia.

"Mpenzi, hiyo usiitoe sasa. Nimeshaalika watu."

"Lakini ndiyo ukweli, Brody."

"Ukweli gani? Watu wanataka mizimu ya abiria, wewe unawaletea mababu zetu wapenda umbea! Subiri siku ipite."

Na mwanangu, kwa sababu ya mapenzi, akanyamaza. Treni za makaa ya mawe hazipiti Jumapili, kila mtu anajua hivyo. Kwa hiyo tukaona hakuna hatari.

Haya, turudi darajani.

Baada ya ule mlio kupita bila treni, Brody akaruka ruka pale katikati.

"Mmesikiaaa? Pandeni! Pandeni mje muone!"

Watu wakaanza kutoka korongoni. Simu juu, watoto mabegani, mmoja na chupa yake ya soda.

"Mama mkwe, rudi bwana! Mizimu haing'ati!"

Wakanicheka. Nikaona aibu, nisiwafiche.

Lakini Kendra alikuwa amekauka, kiatu kimoja mguuni.

"Mama... wanapanda kutazama."

"Wacha wapande, twende zetu nyumbani."

"Mama! *Wanapanda kutazama!*"

Akachomoka. Akasimama mwanzo wa daraja, mikono kaitanua.

"Rudini! Mullins, shusha mtoto! Stiltner, toka hapo! Ratliff, wote, rudini!"

Aliwaita kwa majina ya koo zao, kama anasoma yale mawe. Sijui ni ile sauti, sijui ni nini... watu wakarudi nyuma.

Brody peke yake akabaki, anacheka kwenye simu.

"Mnaona? Mchumba wangu anajua kuigiza huyu!"

Honi ikalia tena.

Brody akafungua mikono kuipokea. Akatabasamu, tabasamu lile lile la Kendra.

Safari hii ilikuwa na taa.

Maporomoko ya mawe ya Jumamosi yalikuwa yameziba njia, treni ya makaa ikasogezwa Jumapili. Ila breki zake zilikuwa zinalia tangu kabla ya kona. Hizo breki ndizo zilizompa Brody nafasi ya kuruka pembeni. Akavunjika nyonga na mguu. Yuko hai.

Dereva akashuka mbio.

"Wako wapi wale wanawake?"

"Wanawake gani, kaka?"

"Wale wa kule nyuma ya kona! Magauni marefu, wamejipanga kando ya reli, wananipungia nisimame! Bila wao nisingefunga breki!"

Ndugu zangu, nyuma ya kona ile upande mmoja ni mwamba, upande wa pili ni shimo. Hakuna pa kusimama hata mbuzi.

Kendra peke yake hakushangaa. Akaitikia kwa kichwa tu, kama mtu aliyepewa salamu na jirani.

Hilo ndilo linaloninyima usingizi mpaka leo.

Uchumba umekufa. Utafiti ameumaliza, na sasa watu husimama mbele ya mawe yale wakijua waliolala pale walikufaje. Lakini bado mezani huwa anaacha kipande cha pembeni, na mimi sithubutu kukila.

Wazazi wenzangu, mtoto akianza kuwataja marehemu kama wanafunzi wenzake, usimcheke na usimwachie mchumba. Mfuate anakokwenda, hata akuonee aibu.

Na wewe ambaye kidole kimeshaanza kuandika, "Dada, hilo daraja liko wapi?"

Futa.

Hivyo ndivyo walivyoanza kupanda.