Neno Lililovuka Mpaka

Kila Jumatatu asubuhi Mwalimu Ndahiro aliingia darasa la sita, akafuta ubao kwa kiganja kwa sababu dasta haikujulikana ilipo, kisha akaandika herufi tatu kubwa. Kufikia Ijumaa kila mwanafunzi alitakiwa alete neno refu la Kiingereza, au hata fungu la maneno, lenye herufi hizo zote. Kamusi ruksa. Kuuliza wazazi ruksa. Simu marufuku, maana siku hizi ukiipa simu herufi tatu inakutemea maneno mia kabla hujamaliza kupiga chafya, na hapo aliyefanya kazi ni simu.

Atakayeng'ara angekwenda Musanze kuiwakilisha shule katika mashindano ya maneno. Nafasi ilikuwa moja tu.

Larissa aliiona nafasi hiyo kuwa yake. Baba yake alikuwa mhasibu katika hoteli moja kando ya ziwa, na nyumbani kwao Gisenyi kulikuwa na kamusi nene ajabu, mdogo wake aliikalia ili aifikie meza. Mambo yalimwendea vizuri hadi alipokuja Saidati, msichana mkimya aliyehamia kutoka Kanzenze.

Wiki ile herufi zilikuwa Y, G na P. Larissa alisimama na "photography" yake, akaketi akijipepea. Saidati akasimama nyuma, akasema polepole, "Hypoallergenic." Mwalimu mwenyewe alifungua kamusi. Neno lilikuwemo. Wiki iliyofuata, kwa K, W na Y, Larissa alileta "work every day". Saidati akaleta "keep away from direct sunlight".

"Mtoto wa darasa la sita anatoa wapi maneno kama yale?" Larissa alimnong'oneza Gentil, jirani yake wa dawati.

"Labda amefuga Mzungu chini ya kitanda," Gentil akajibu.

Larissa hakucheka. Shaka ni kama siafu: ukimwona mmoja mguuni, ujue wenzake wako njiani. Alianza kumchunguza Saidati. Kengele ikilia, Saidati alikuwa wa kwanza kutoka. Hakushika njia ya nyumbani pamoja na wenzake, bali alikwenda kasi kuelekea mpaka mdogo wa kuingia Goma, Kongo, ule unaoitwa Petite Barrière. Akiulizwa anakwenda wapi, alijibu "huko". Na mfuko wa sketi yake ulikuwa na kitu bapa ambacho alikigusagusa kila mara. Larissa akajiambia: simu hiyo.

Ijumaa akanyoosha mkono. "Mwalimu, tunaomba Saidati atuambie anayatoa wapi maneno yake."

"Nayaona," akasema Saidati.

"Unayaona wapi? Tuonyeshe."

Saidati alitazama dawati. "Siwezi. Yameshakwenda Goma."

Darasa zima likaangua kicheko. "Yamevuka mpaka?" akauliza Gentil. "Yamegongewa muhuri, au yamepita njia ya panya?"

Mwalimu Ndahiro hakucheka, ila naye shaka ilishamwingia. Aliandika F, G na T ubaoni, akawapa dakika chache. Larissa akatoa "forgetting" kabla chaki haijatua mezani. Saidati aliukazia ubao macho mpaka machozi yakamlengalenga. Hakupata kitu.

"Saidati, mpaka nielewe, nafasi ya Musanze nampa Larissa," akasema mwalimu. "Ukiwa na la kunieleza, njoo."

Mtu mwingine angeridhika. Larissa hakuridhika, alitaka kuiona ile simu kwa macho yake, Jumatatu aitangaze. Basi Jumamosi alimfuata Saidati kwa mbali, akijibanza nyuma ya wauza viazi, hadi kwenye uwanja mdogo karibu na mpaka. Hapo alimwona amechuchumaa, amempa mgongo. Midomo yake ilikuwa ikicheza. Kitu mkononi mwake kikang'aa.

"Nimekukamata," akasema Larissa.

Saidati aligeuka. Mkononi hakuwa na simu, bali wembe uliofungwa kitambaa upande mmoja, kile kitu bapa cha mfukoni. Mbele yake lilikuwepo rundo la maboksi matupu, refu kumpita.

"We mutoto, unatafuta nani?" Mama mmoja aliinuka nyuma ya rundo. Alikuwa mama yake Saidati.

Larissa alibabaika. "Mi niko rafiki ya Saidati."

"Rafiki? Muzuri sana. Bon, shika upande huu, tuvute."

Larissa akajikuta kazini. Wale wawili waliokota maboksi madukani, wakakata utepe wa gundi kwa wembe, wakayakunja, na kuwauzia wanawake waliovusha karoti na mayai kwenda Goma. Lakini hakuna boksi lililouzwa kabla Saidati hajalisoma pande zote.

"Kwa nini unasoma yote?" akauliza Larissa.

"Boksi ya sabuni inanukisha karoti," mama akajibu badala yake. "Na ile ya dawa ya wadudu hatuuzi kabisa, hata mutu akilia. Chakula ya watu iko ndani. Mi Kingereza sijui. Macho yangu ni huyu."

Mara akafika mfanyabiashara kutoka Busasamana, akachagua maboksi yake, akaanza kupanga karoti. Kwenye ubavu wa moja Larissa alisoma KEEP REFRIGERATED. Akaganda. F ilikuwemo, G ilikuwemo, T ilikuwemo, na neno lilikuwa refu kuliko lake. Kabla hajasema lolote, yule mama mfanyabiashara alijitwisha boksi, na neno likaondoka likiyumba kichwani mwake, likaingia kwenye foleni ya kwenda Goma.

"Kwa nini hukumwambia mwalimu?" Larissa aliuliza kwa sauti ndogo.

"Kanzenze niliwaambia. Wakaniita Boksi mwaka mzima." Saidati alikata gundi nyingine. "Na wewe sasa nenda ukawaambie. Si ndicho ulichokuja kufanya?"

Njia ya kurudi ilikuwa fupi lakini Larissa aliiona ndefu. Akinyamaza, hakuna ajuaye. Musanze ni yake. Akisema, anaikosa. Jumapili kutwa aligeuzageuza jambo hilo, hata wali ukapoa.

Jumatatu hakuinua mkono darasani. Alimfuata mwalimu ofisini peke yake, akamweleza yote.

"Na ushahidi?" akauliza Mwalimu Ndahiro.

"Umeshavuka mpaka, mwalimu. Umebeba karoti."

"Shahidi ni nani?"

"Mimi."

"Si wewe uliyemshtaki?"

"Ndiyo, mwalimu. Na nafasi ile si yangu."

Mwalimu alimwita Saidati, akamwomba radhi. "Nilikupima kasi, nikadhani nimekupima uaminifu," alimwambia. "Nafasi yako imerudi. Siri ya maboksi ni yako. Kuitoa au kuiacha utaamua wewe."

Saidati alifikiri kidogo, kisha akaenda mbele ya darasa akasema mwenyewe. Alipomaliza, wote walimgeukia Gentil, wakingoja utani.

"Kwetu liko boksi la betri," akasema Gentil. "Nitalileta, tugawane maneno."

Larissa akasimama. "Saidati, nilikusingizia. Nisamehe."

"Nitakusamehe," akajibu Saidati. "Lakini si leo."

Wengine walitaka kucheka. Mwalimu akawanyamazisha kwa kidole.

"Ana haki," akasema. "Sikilizeni. Larissa alikuwa na swali zuri: maneno yanatoka wapi? Kuwa na shaka si dhambi. Kosa lake, na langu mimi mtu mzima, ni kwamba tulijibu kabla hatujaenda kuona. Jina la mtu mkilichafua, kulisafisha kunachukua siku nyingi. Kwa hiyo mwenye shaka atangulize miguu, mdomo ufuate baadaye."