Zamu ya Mkuu Ilianza Saa Kumi

“Kaka, bado upo jukwaani?” Mkuu, DJ aliyetakiwa kumpokea, aliuliza kwenye simu. “Nipe dakika kumi. Foleni haisogei.”

“Ulisema hivyohivyo saa kumi. Sasa ni saa kumi na moja. Baba Mdogo wa mchumba wangu ananisubiri nikapose, na saa kumi na mbili anaelekea uwanja wa ndege. Harudi mpaka miaka miwili ipite.”

“Dakika kumi tu, kaka.”

Huyu wa jukwaani walimwita Kipasha kwa sababu hiyo ndiyo kazi yake: kupasha moto ukumbi kabla DJ mkuu hajapanda. Anapiga muziki wa taratibu kwa sauti ya wastani, na nyimbo kali zote anamwachia Mkuu. Tena hashuki mpaka anayempokea afike.

“We Kipasha, unatubembeleza tulale?” mama mmoja alimpigia kelele, viatu mkononi. “Tupe vitu!”

“Vitu anavyo Mkuu, mama. Vumilia.”

Ujumbe uliingia kutoka kwa mchumba wake, nesi: “Uko wapi? Baba Mdogo ameshakaa.”

Akajibu: “Dakika kumi.”

Meneja wa ukumbi alimwona akitazama mlango. “Usithubutu. Muziki ukikatika mbele ya maharusi, mimi na wewe basi.”

Saa kumi na moja na nusu alipiga simu. Nyuma ya sauti ya nesi kulikuwa na kicheko anachokifahamu.

“Nani anacheka hapo?”

“Mkuu. Amekuja na mjomba wake kuniposa. Anasema umechagua kazi, ukamwachia nafasi.”

Kipasha alishika ukingo wa meza.

“Weka sauti kubwa, wote wasikie. Mkuu! Zamu yako ilianza saa kumi. Mimi niko hapa nakushikia!”



“Ni kweli?” Baba Mdogo alimuuliza Mkuu kule sebuleni.

“Mzee, foleni…”

“Foleni ya sebuleni kwangu? Umemfunga mwenzio kazini, ukaja kukalia kiti chake! Inuka.”

“Baba, shikamoo,” Kipasha aliwahi. “Naomba nije.”

“Marahaba. Uje saa ngapi, mwanangu? Gari langu limeshawashwa. Na binti hatolewi kwa simu.”

Nesi alichukua simu. Alikuwa analia.

“Yule nimemkataa. Lakini ungesema ukweli tangu saa kumi, Baba Mdogo angekufuata huko huko ukumbini. Kila nilipokuuliza, dakika kumi. Ningemtetea vipi mtu wa dakika kumi?”

“Sasa tufanyeje?”

“Sijui. Usinipigie kwanza.”

Saa kumi na mbili na robo Mkuu aliingia na suti ya posa, macho chini. Kipasha alivua vipokea sauti masikioni, akampa.

“Nyimbo zako sijazigusa,” alisema.

Mkuu alipiga ya kwanza. Ukumbi ulilipuka, mama wa viatu akaruka juu. Meneja alimgusa Kipasha begani.

“Kazi nzuri. Sasa unaweza kwenda.”

Kipasha alibaki amesimama pembeni ya jukwaa, simu mkononi.