Krimu ya Kushoto

"Hii na hii ni moja," Amondi alisema.

"Si moja, mpenzi. Hiyo ya kushoto ina joto. Ya katikati imepoa kidogo. Ya kulia..." Mayala alikohoa kama padri anayetafuta ukurasa. "Ya kulia ina huzuni."

"Mayala, hiyo ni krimu. Krimu haina huzuni."

Walikuwa wamesimama chumbani, nyumbani kwa Mayala kule Kiseke, mbele ya mabaka matatu ya rangi ukutani. Makopo yaliandikwa Mchanga Laini, Ganda la Yai na Maziwa ya Alfajiri. Kwa macho ya binadamu wa kawaida ilikuwa rangi moja iliyobatizwa mara tatu. Lakini harusi ilikuwa Jumamosi, na chumba hicho ndimo alimokuwa akilala Gladness, mke wa kwanza wa Mayala, hadi alipofariki. Amondi hakutaka kuingia humo kama mgeni. Alitaka chumba kiwe chake.

"Ya katikati," aliamua.

"Sawa. Ya katikati."

Kesho yake mchana Amondi alifungua nyumba kwa ufunguo wake. Baka la kushoto lilikuwa limekua. Jana lilifunikwa na kiganja; leo lilitosha dirisha. Akaligusa. Bichi.

Akaandika ujumbe: "Umepita nyumbani?"

"Hapana. Niko kazini Igogo tangu asubuhi. Kuna nini?"

"Ukuta unakua."

"Pole na jua, mama."

Siku iliyofuata alikuja fundi Yeremia kuanza kazi. Walikuta baka limekuwa refu kama mtu. Lilikuwa na mabega. Yeremia alilitazama, kisha akafunika kopo lake taratibu, kwa heshima ya msibani.

"Dada, nimepaka nyumba, nimepaka makanisa, nimepaka hadi banda la nguruwe. Sijawahi kukuta ukuta unaojichagulia rangi."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo mimi siwezi kuubishia. Kwaherini."

Alisema kwaherini, ingawa chumbani alimwacha Amondi peke yake.

Kesho yake Amondi alijifungia chumba cha pili, akavua viatu, akasubiri. Mchana ufunguo ulizunguka mlangoni. Nyayo zilipita. Kisha ikasikika brashi ukutani, chwaa, chwaa, na sauti ya chini:

"Umeridhika sasa? Ni ile ile yako."

Brashi ikapita tena, chwaa.

"Niambie basi kama umekasirika. Gladness, nijibu."

Amondi akasukuma mlango. Juu ya ngazi alisimama Mayala, tai shingoni, krimu hadi kwenye viwiko.

"Unaongea na nani?"

Brashi ilianguka. "Jamani, Amondi! Umenitisha!"

"Mimi? Mimi ndiye ninayetisha humu ndani?"

Mayala alishuka, akaketi sakafuni.

"Sikwenda Magu," alisema.

"Uliniambia ulikwenda kaburini kwa Gladness."

"Nilidanganya. Kwetu mgane haingizi mke mpya ndani kabla hajasimama kaburini, mbele ya mama mkwe, akamweleza marehemu. Nilimwogopa mama mkwe. Nikaona nimweleze Gladness hapa hapa. Hii ndiyo rangi aliyoipenda. Nilidhani nikimrudishia ukuta wake, atakuruhusu."

"Kwa hiyo mimi nachagua ya katikati, wewe unakuja kumuuliza ukuta?"

"Usiseme kwa sauti. Anasikia."

"Basi asikie vizuri. Bila kaburi, hakuna Jumamosi. Kanawe mikono."

Walifika Magu jua likiwa bado kali. Bibi Bernadeta, mama yake Gladness, alikuwa ameketi kando ya kaburi la mwanawe. Mbele yake palikuwa na viti viwili vitupu.

"Shikamoo, mama," walisema pamoja.

"Marahaba. Kaeni. Mmechelewa."

"Hatukukupigia simu, mama," Mayala alisema.

"Ninyi hamkupiga."

Hakuna aliyeuliza nani alipiga. Mayala alisimama, akamtaja Amondi kwa jina lake na la baba yake, akaomba ruhusa. Majani hayakutikisika. Mama mkwe akamtazama.

"Unapaka nini huko nyumbani kwako?"

"Nani amekwambia napaka?"

"Kila nikilala mwanangu anakuja, mikono imejaa rangi. Anasugua, haitoki. Ananiambia, mama, mwambie aache kunipaka."

Mayala alificha mikono mgongoni.

"Lakini ndiyo rangi aliyoipenda!"

"Uliichagua wewe! Ukabeba kopo hadi nyumbani, ndipo ukamuuliza, nzuri? Angejibu nini? Alikuja kunilalamikia mimi. Aliichukia hadi anakufa."

Mayala akapiga magoti.

"Gladness, nisamehe. Sikuwahi kukuuliza."

Alipoinuka, alimgeukia Amondi. "Na wewe? Siulizi krimu ipi. Nauliza unataka nini."

"Kijani," Amondi alijibu papo hapo. "Kijani cha kupiga kelele. Na chumba kile sitaki kisikie tena siri ambayo mimi sijaisikia."

Bibi Bernadeta akampangusa vumbi begani. "Nenda, mwanangu. Chumba ni chako."

Jumamosi walifunga ndoa. Maharusi walilala sebuleni, kwa sababu chumbani rangi ilikuwa bado bichi. Mayala ndiye aliyepaka ukuta mzima, Amondi akiwa ameshika ngazi na kumwelekeza kwa sauti: panda, shuka, hapo umeruka. Na kila alipoambiwa, Mayala aligeuka, akamtazama usoni, akajibu:

"Nimesikia, Amondi."